Tumbo la Mama Mkwe

Daktari alikuwa ameketi ndani ya gari lake, nje ya geti la nyumba yake mwenyewe, injini ameizima, anasikiliza redio ikitangaza habari za mbolea ambazo hazikumhusu ndewe wala sikio. Hakuwa amefungiwa nje, na hakuwa amegombana na mkewe. Alikuwa anatoa nafasi ili mama mkwe wake aende chooni.

Hapa lazima nieleze, maana mtu asiye na mkwe anaweza kudhani huyu bwana ameanza kuchanganyikiwa. Mama mkwe alikuwa amekuja kuwashonea mapazia. Yale ya mwanzo aliyaona kwenye picha iliyotumwa kwa simu, na tangu siku hiyo hakulala vizuri. Alikuwa fundi cherehani wa sare za shule, mwanamke mrefu, mkono wake mwepesi na ulimi wake mwepesi zaidi, na alikuwa mtu wa heshima zake. Katika heshima hizo zote, iliyokaa juu kabisa ilikuwa ile ya mkwe. Mbele ya mkwe hakula akashiba, hakupiga miayo, hakuketi kwenye kiti kilichotazamana na cha mkwe. Na choo cha nyumba ile, kwa bahati mbaya, mlango wake ulitazamana na sebule. Ukiingia watu wote wanajua umeingia, na ukikawia wote wanajua umekawia. Basi mkwe akiwepo, mama haingii.

Daktari alilijua hilo, akawa mtu wa safari. Asubuhi alikwenda kununua maziwa ambayo tayari yalikuwepo. Jioni alikwenda kuangalia upepo wa matairi yasiyo na tatizo. Siku nyingine alikaa tu garini, kama leo, mpaka jirani mmoja akaanza kumsalimia kwa sauti ya pole akidhani ametimuliwa.

Ndiyo maana mama aliposhika tumbo akasema linamuuma, hakuna aliyeumiza kichwa. Hajaenda chooni sawasawa tangu afike, kwa hiyo tumbo limefunga. Mtoto wa chekechea angelitoa jibu hilo, na Daktari, mpasuaji ambaye matumbo ya watu ndiyo yanayomweka mjini, alilitoa bila kunyanyuka kitini.

Tena tumbo lenyewe lilikuwa na sifa mbaya. Katika ukoo wa mkewe, tumbo la mama lilikuwa na historia yake, na historia hiyo ilisimuliwa kila watu walipokutana. Tangu akiwa msichana lilikuwa likimkamata ghafla, linamkunja, linamtapisha, halafu baada ya muda linamwachia akasimama mzima. Lilimkamata siku ya mtihani. Lilimkamata siku dada yake mkubwa alipohamia nyumba mpya na kulikuwa na masanduku ya kubeba. Hospitali zilimpa dawa za minyoo, kisha dawa za vidonda vya tumbo, na mwisho ushauri wa kupunguza mawazo. Watu wakachoka. Wakakata shauri kwamba ni kudeka. Dada zake wakambandika jina la Malkia, na kila alipokwenda kulala akiwa amejikunja, waliulizana kwa sauti ya kusikika vyombo vitaoshwa na nani. Hata mumewe, mzee mpole asiye na neno na mtu, alikuwa na mzaha wake mmoja wa kudumu: kwamba yeye alioa wawili, mke na tumbo, na mwenye kauli nyumbani ni tumbo. Watu walicheka. Mama naye alicheka. Alikuwa amejifunza kucheka kabla mzaha haujafika mwisho, ili uishe haraka.

Daktari alipooa alikabidhiwa mzaha huo pamoja na mke. Nisimfiche, naye aliutumia, na aliutumia akiwa daktari mzima mwenye cheti ukutani.

Geti likafunguka. Mkewe akatoka, akaja hadi dirishani, akatikisa kichwa.

"Bado," alisema. "Na linamuuma zaidi. Hataki hata chai."

Mama kukataa chai halikuwa jambo dogo. Daktari akazima redio. Ilibidi mgonjwa apimwe, lakini apimwe vipi? Wakafanya walivyoweza. Mama alilala chumba cha wageni, mkewe akakaa kando ya kitanda, na Daktari akasimama koridoni ameegemea ukuta, mlango umerudishwa ukaacha upenyo wa kupitisha sauti tu. Daktari aliuliza, mkewe akamrudia mama swali lile lile kana kwamba mama ana lugha nyingine, mama akanong'ona, na mkewe akalileta jibu koridoni likiwa limeshanyooshwa na kupigwa pasi. Ametapika? Mama anasema hajambo. Amepata choo? Mama anasema anashukuru. Anashukuru nini? Anashukuru tu. Maumivu yako wapi? Chini, upande wa kushoto. Yalianzia hapo hapo? Hapo ukafuata mnong'ono mrefu, mrefu kuliko yote, na ndani yake Daktari akadaka neno kitovu. Jibu lilipofika lilikuwa hili: mama anasema usijisumbue mwanangu, utachelewa kazini.

Akamwambia mkewe abonyeze. Mkewe alikuwa mhasibu. Alilibonyeza tumbo la mama yake kwa kidole kimoja, kwa uangalifu ule ule anaobonyezea kikokotoo, kisha akatangaza kwamba ni tumbo.

Daktari akatoa hukumu kutoka koridoni. Choo kimefunga, mgonjwa anywe maji, na yeye akirudi jioni ataleta dawa ya kulegeza, ile kali isiyojali heshima za mtu. Akachukua funguo, akaenda kazini na roho yake imetulia.

Ili uone kituko chenyewe kilivyokuwa, lazima umjue Daktari akiwa kazini. Pale hospitali alikuwa mwiba. Madaktari wanafunzi walimwogopa kwa sababu ya swali moja: umemshika mgonjwa? Ukimletea maelezo mazuri, vipimo vya damu na maneno ya kitabuni, yeye anauliza hilo tu. Kuna kijana aliyewahi kupima tumbo la mgonjwa juu ya sweta. Daktari alimwambia aende akapime na kabati, halafu alinganishe majibu. Mkono, alisema kila siku, ndiyo mashine ya kwanza.

Saa ya chai alikwenda kuketi na daktari wa picha, mwanamke mfupi mcheshi aliyeshinda kwenye chumba chenye mwanga hafifu akisoma picha za ndani ya watu, na ambaye hospitali nzima ilimwita Popo. Daktari akamsimulia mambo yote: maziwa yasiyohitajika, redio, koridoni, shukrani zisizo na maelezo. Alisimulia vizuri, na chumvi akatia. Popo alicheka mpaka akavua miwani akafuta machozi.

"Enhe, na tumbo lilikuwaje ukilishika?" aliuliza, bado anacheka.

"Laini, nadhani."

"Unadhani?"

"Nilikuwa koridoni."

Popo akavaa miwani yake. "Hebu fikiri mwanafunzi wako ndiye aliyekuletea maelezo haya," alisema. "Ungemfanyaje?"

Wote wawili walijua angemfanyaje. Daktari akakoroga chai iliyokwisha kukorogwa. Simu yake ikalia.

Ni mkewe, na sauti yake haikuwa ile ya asubuhi. Mama ana homa. Ametapika. Amelala amejikunja na hataki kunyoosha mguu wa kushoto. Na tena, mkwe alipoondoka tu, mama alifunguka. Maumivu hayakuanzia kushoto. Yalianza jana katikati, pale kitovuni, yakazunguka zunguka pale, yakamtia kichefuchefu, na leo ndiyo yamehamia chini. La kitovu alikuwa amelinong'ona tangu asubuhi, mkewe alikiri, ila aliona si adabu kumpigia kelele mume wake mambo ya kitovu cha mama.

Daktari alisimama na simu sikioni. Hadithi ile aliijua nje ndani. Ilikuwa hadithi ya kidole tumbo, kile kijikia kinachoning'inia mwanzoni mwa utumbo mpana, ambacho kikivimba kina siku chache za hasira na kisha hupasuka kikamwaga usaha tumboni. Maumivu huanzia kitovuni, yakahamia chini, ikaja homa, mtu akachukia chakula. Kila kitu kilikuwepo. Kasoro moja tu: kidole tumbo hukaa kulia. Mama aliumwa kushoto.

Mfukoni mwa koti lake jeupe mlikuwa na chupa ya dawa ya kulegeza, ameshaichukua duka la dawa. Kama tumbo lile lina kitu kinachotaka kupasuka, dawa ile ingekisukuma kipasuke. Aliitoa chupa, akaiweka mezani kwa Popo, akamwambia mkewe amlete mama mara moja.

Mama alifika akiwa amevaa gauni lake zuri, nywele zimechanwa, amejikaza kisabuni, lakini midomo imemkauka na anatembea amepinda. Kitu cha kwanza alichoomba ni daktari mwingine. Akaelezwa kwamba bosi wa upasuaji amesafiri kikazi, na aliyebaki ni kijana mmoja wa mafunzo. Kijana akaitwa akaja. Mama akamtazama usoni, akaona ni rika la kitinda mimba wake, akasema afadhali aende akafie kwenye mapazia. Kijana akaondoka haraka bila kuonyesha kwamba ameumia.

Muuguzi akavuta pazia kuzunguka kitanda. Mle ndani wakabaki mama, binti yake, muuguzi, na mkwe.

"Mama," Daktari alisema, "naomba nikushike tumbo."

"Mwanangu, mama hamwonyeshi mkwe tumbo. Uso huu nitauweka wapi?"

"Leo mimi si mkwe. Leo ni daktari."

"Na kesho?"

Daktari alikuwa na majibu mengi ya kitaalamu, akayaacha. Alimwangalia mwanamke yule aliyeshika ukingo wa kitanda, vifundo vya vidole vimekakamaa, na akahisi woga ambao hakuwahi kuuhisi mbele ya mgonjwa. Akaamua kusema yaliyomo moyoni.

"Naogopa, mama. Kuna kitu humo ndani sikielewi. Nikikosea nitakupoteza, na huyu binti yako nitamwambia nini?"

Mama alimtazama bintiye, akautazama ukuta, akapiga moyo konde. Sawa, atashikwa. Ila kwa masharti. Mkwe afumbe macho tangu sasa, kabla yeye hajalala, na asifumbue mpaka atakapofunikwa tena. Na yeye mama asiulizwe neno, kwa sababu kuonwa na kuongea kwa wakati mmoja hakuwezi.

Basi mpasuaji yule, mwiba wa hospitali, akasimama kando ya kitanda amefumba macho, mikono ameinyoosha mbele kidogo, kama mtoto anayecheza kujificha. Akasikia kitanda kikilia, nguo zikichakarika, kunong'onezana kwa ukali, kisha kitanda kikalia tena kwa muda mrefu kuliko kawaida. Halafu mkewe akamshika mkono, akautua juu ya ngozi ya moto.

Alikuwa amesimama pale anaposimama siku zote, kuliani kwa mgonjwa. Ndivyo alivyofundishwa na ndivyo anavyofundisha, hata usingizini angesimama hapo. Na mkono wake ulikuwa umetuliwa karibu naye, jirani na mfupa wa nyonga. Loo, kumbe ni kulia. Moyo ukamtulia. Mkewe alikuwa amechanganya pande tangu asubuhi, jambo ambalo lingempata yeyote anayebonyeza mtu kwa mara ya kwanza. Hakutaka kumwaibisha mbele ya watu, akanyamaza, akaendelea kupapasa.

Mkono ukafanya kazi yake. Misuli ilikaza chini ya kiganja, ikawa ngumu mahali pale tu, na kwingine ikabaki laini. Akabonyeza taratibu upande wa mbali, na maumivu yakajitokeza upande wa karibu. Akabonyeza pale pale penye ugumu, akauachia mkono ghafla, na mwili wote ukaruka. Akaomba mgonjwa akohoe, na kidole kimoja chembamba cha fundi cherehani kikaja kikagonga juu ya mkono wake kuonyesha palipochoma. Hakukuwa na la kutafuta zaidi.

"Kidole tumbo," alisema, macho amefumba, sauti imejaa nafuu. "Kidole tumbo cha kawaida kabisa. Upande wa kulia, kama kitabuni."

"Upande gani?" mkewe aliuliza.

"Kulia."

"Hebu fumbua macho."

Akafumbua. Juu ya mto, mahali pa kichwa, palikuwa na miguu miwili imevaa soksi. Mama alikuwa amejigeuza. Kichwa chake kilikuwa upande wa pili wa kitanda, kimefunikwa shuka gubigubi, ili pumzi yake isikutane na ya mkwe. Na Daktari, aliyesimama kishujaa kuliani kwa kitanda, alikuwa kushotoni kwa mama.

Muuguzi akatoka nje ya pazia, kiganja mdomoni. Mkewe akajiuma midomo, akatazama dari. Daktari hakucheka. Alikuwa amepigwa na butwaa, mkono wake bado uko pale pale, na akilini mwake jambo lilikuwa likijipanga. Angekuwa na macho wazi, asingetamka neno kidole tumbo. Upande wa kushoto ungemziba mdomo. Angesema ni jiwe la figo, au uvimbe kwenye utumbo mpana, angeagiza dripu na kungoja. Mkono haukujua uko upande gani, na kwa kutojua ukasema ulichokikuta. Sasa kimoja kati ya viwili kilikuwa kimekosea, mkono au ramani ya tumbo. Na mkono wake aliuamini.

Akainama, akaliambia shuka.

"Mama, najua tulikubaliana nisikuulize. Lakini lile tumbo lako la siku zote. Ukitapika, hutapika rangi gani?"

"Kijani," shuka likasema. "Tangu utoto. Kijani kabisa. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Daktari akajikuta ameketi kitandani bila kukusudia. Kijani ni nyongo. Mtu hutapika nyongo utumbo ukiwa umezibwa chini ya mahali nyongo inapoingilia. Binadamu anaweza kudeka akalia, akadeka akazimia, lakini hakuna anayeweza kudeka mpaka nyongo.

Mama akapelekwa chumba cha picha, akapitishwa kwenye ile mashine kubwa ya duara. Popo alisoma picha zake akiwa amenyamaza, na Popo akinyamaza ujue kuna jambo. Alizirudia mara kadhaa, mbele na nyuma, kisha akamwita Daktari asogee kwenye kioo.

Alimwonyesha kwa ncha ya kalamu. Utumbo mdogo, ambao kwa watu hujaa katikati, wote ulikuwa umelala kulia. Utumbo mpana, ambao huzunguka tumbo kama fremu ya picha, wote ulikuwa umejibana kushoto. Mishipa miwili mikubwa ya damu inayouhudumia utumbo ilikuwa imebadilishana nafasi. Na kule chini kushoto, mahali ambapo hakuna mtu angekitafuta, kilikuwepo kidole tumbo, kimevimba, kimekasirika, kinakaribia kupasuka.

"Amezaliwa hivi," Popo alisema.

Mtoto akiwa bado tumboni mwa mama yake, matumbo yake hukosa nafasi, yakatoka kidogo kwenye kitovu. Nafasi ikipatikana hurudi ndani, na katika kurudi hujizungusha mpaka kila kipande kikafika mahali pake na kushikizwa. Ya mama mkwe yalirudi bila kuzunguka. Yaliingia yakakaa yalivyofika. Na kwa kuwa hayakushikizwa sawasawa, kuna nyakati yalijipinda yakajiziba, mama akajikunja akatapika nyongo, kisha yakajikunjua yenyewe na mama akasimama mzima mbele ya watu waliokuwa wanamsubiri wamcheke. Wengi wa namna hii hugunduliwa wakiwa vichanga, Popo alieleza. Wachache hufika utu uzima bila mtu kujua.

"Kila lilipomkamata angeweza kufa," Daktari alisema.

"Kila lilipomkamata."

Daktari akakumbuka mzaha wa kuoa wawili, na jinsi alivyousimulia yeye mwenyewe mezani, mbele ya wageni, mama akiwa pale anagawa vikombe. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Lakini hapakuwa na muda wa kuona haya.

Akamwendea mama, akamweleza kwa kifupi, akamwambia anaweza kupiga simu hospitali nyingine watafute mpasuaji ambaye si wa familia. Mama alikuwa amechoka, ila ulimi haukuwa umechoka.

"Wa nini?" alisema. "Wewe umeshaniona. Aibu moja inanitosha, usiniletee ya pili."

Daktari akapiga simu hata hivyo. Aliyepatikana alikuwa mbali, angefika jioni, na kidole tumbo kile hakikuonekana kama kitasubiri jioni. Basi akaingia yeye, pamoja na yule kijana wa mafunzo aliyekataliwa.

Alipasua katikati ya tumbo, kwa sababu tumbo lile halikuwa na kulia wala kushoto kwa kuaminika. Akakuta kama Popo alivyosema. Kidole tumbo kilikuwa kimebadilika rangi, ngozi yake nyembamba ya kutisha, na alikitoa kwa adabu zote. Kisha akakata nyuzi za nyama zilizokuwa zinaukaba utumbo, akaupanua pale ulipobanana ili usiweze tena kujipinda. Kijana akauliza kama sasa wataurudisha kila kipande mahali pake. Daktari akasema hapana. Utumbo mdogo akaulaza kulia, utumbo mpana akaulaza kushoto, kama ulivyozoea wenyewe. Hakuulazimisha ukae unapokaa wa watu wengine.

Mama alipopata fahamu vizuri ilikuwa asubuhi. Kichwa kilikuwa juu ya mto, miguu upande wa miguu. Daktari akavuta pazia, akamweleza yote polepole, kwa mikono. Mama alisikiliza jinsi anavyomsikiliza mteja anayelalamikia sare.

"Yaani aliyenishona alikosea," alisema.

"Hakukosea, mama. Alishona tofauti."

"Fundi akishona tofauti na wenzake bila kumwambia mteja, amekosea." Akatafuta pumzi. "Kwa hiyo sikuwa nadeka."

"Hukuwa unadeka."

"Sema tena. Yule wa kitanda cha pili hajasikia."

Daktari akasema tena, kwa sauti. Mgonjwa wa kitanda cha pili akaitika kwamba amesikia. Mama akaanza kucheka, mshono ukamkataza, na kile kicheko kikageuka katikati ya njia kikawa kilio. Alilia bila kujificha, mbele ya mkwe, na machozi yakashuka hadi masikioni. Mkewe, aliyekuwa kando ya kitanda, akapanda juu na viatu vyake, akamkumbatia. Daktari alibaki amesimama, naye akafuta macho kwa mkono wa koti, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyejali nani amemwona nani.

Mchana akafika baba mkwe. Alikuwa amesafiri tangu alfajiri, shati limekunjamana, mkononi ameshika mfuko wa nguo za mkewe alizozipanga mwenyewe, zote za kazini, hata moja ya kulalia hakuweka. Daktari akamweka kando, akamweleza kama alivyomweleza mama. Mzee hakukatiza. Mwisho aliuliza kitu kimoja tu, tangu lini, na Daktari akamjibu, tangu kuzaliwa.

Mzee alitikisa kichwa mara kadhaa, polepole. Alikuwa mtu wa kuja na mzaha mdomoni popote aendapo, lakini alipokaribia kitanda midomo ikafunguka na hakikutoka kitu. Akauweka mfuko sakafuni. Akalitazama tumbo la mkewe lililofungwa bandeji, kisha akamtazama mkewe usoni, na akamwuliza swali ambalo katika ndoa yao yote hakuwahi kumwuliza.

"Lilikuwa linauma sana?"

"Sana," mama alisema. "Vuta kiti. Ni habari ndefu."

Mzee akavuta kiti, akaketi.